Uzi: Mchina aliyekariri maelfu ya maneno ya Kiingereza hukwama wapi anapotaka kuyatumia?

Mtoa mada

Wakuu, salaam. Ninasoma Wuhan, na jioni nyingi huwa nakaa na wanafunzi wenzangu wa Kichina wanaojiandaa na mitihani ya Kiingereza: wao hunisahihishia Kichina changu, nami huwasomea insha zao. Naleta mada hii kwa sababu najua humu wamo walimu, wakalimani na wafanyabiashara wanaoshughulika na Wachina kila siku, na ningependa waongezee au wapinge. Hoja yangu ni kwamba kinachomkwamisha Mchina katika Kiingereza si uchache wa maneno, bali ni mazoea ya kulifunga kila neno la Kiingereza kwenye neno moja la Kichina na kuhesabu kwamba maana yake imekwisha kujulikana.

Jitihada zenyewe si za kubeza. Mwaka 2001 serikali ya China iliagiza Kiingereza kianze kufundishwa kuanzia darasa la tatu la shule ya msingi. Katika gaokao, yaani mtihani wa taifa wa kuingia chuo kikuu uliorudishwa mwaka 1977 baada ya vurugu za Mapinduzi ya Kitamaduni, Kiingereza katika mikoa mingi kina alama 150 kati ya 750, sawa na Kichina na hisabati. Chuoni kuna mtihani mwingine wa kitaifa wa Kiingereza, wa daraja la nne, ulioanza mwaka 1987, na baada yake upo wa daraja la sita. Kwa ajili ya mitihani hii vijana hununua vitabu vya msamiati na kupakua programu za simu zinazowahesabia maneno ya kila siku. Vitabu vingi hupanga maneno kwa alfabeti, na kwa hiyo neno la kwanza la maana ambalo mwanafunzi hukutana nalo ni "abandon", kuacha kabisa. Wachina wenyewe wana utani wa siku nyingi kwamba mwanafunzi hufungua kitabu, hulisoma neno hilo, kisha hulitii.

Ndani ya kitabu hicho kuna safu mbili: kushoto neno la Kiingereza, kulia neno la Kichina lenye herufi mbili au tatu. Kwa vitu vinavyoshikika, kama meza na mbwa, mpango huo hauna ubaya. Shida huanza kwenye maneno ya kazi za kila siku. Chukua kitenzi "kai". Mchina hukitumia kwa kufungua mlango, kuwasha taa, kuendesha gari, kufanya mkutano, na hata kwa daktari anayemwandikia mgonjwa dawa. Kitabu kimemwambia kwamba "open" ni "kai", naye kwa haki kabisa anaandika "open the light". Sisi tusimcheke, maana tuna "piga": tunapiga simu, picha, pasi, mswaki, kura, chafya na hodi, na hakuna Mswahili anayehisi kwamba ametamka vitenzi saba tofauti. Kwa mwenye lugha, neno hilo ni moja. Kiingereza ndicho kinachokuja kumwambia kwamba alikuwa akifanya mambo saba.

"Kan" nalo ni vivyo hivyo. Kwa kitenzi hicho kimoja Mchina husoma kitabu, hutazama televisheni, humtembelea rafiki na huenda kumwona daktari, wakati Kiingereza kinamtaka achague kati ya "read", "watch", "visit" na "see". Ndiyo maana insha ya mwanafunzi hodari, mwenye maneno mazito ya kitaaluma, inaweza kuwa na sentensi inayosema "I saw three books this week", na msomaji Mwingereza akadhani vitabu vilikuwa dirishani. "Jie" ni kuazima kwa pande zote mbili, kutoa na kupokea, kama sisi tunavyosema "niazime kalamu" na pia "nimeazima kalamu kwake". Matokeo yake, Mchina na Mswahili hukutana katika kosa lilelile la "Can you borrow me your pen?".

Upo upande wa pili wa jambo hili ambao vitabu vya maneno huupita kimya. Mahali pengine Kichina ndicho kinachotofautisha na Kiingereza ndicho kinachochanganya. Mwanafunzi mmoja aliniuliza kwa mshangao wa kweli kwamba "uncle" ni nani hasa, kwa sababu kwao kaka wa baba anayemzidi baba umri ni "bobo", mdogo wa baba ni "shushu", na kaka wa mama ni "jiujiu", na kuwachanganya ni utovu wa adabu. Nilimweleza kwamba hata sisi tuna baba mkubwa, baba mdogo na mjomba, na kwamba Waingereza wanaishi tu bila kuwatofautisha. Hakuridhika. Alitaka kujua wanavyogawana majukumu ya harusi.

Makosa yanayoniumiza kichwa zaidi ni yale ambayo sarufi yake haina dosari hata moja. Niliwahi kuonyeshwa barua pepe ambayo mwanafunzi alimwandikia mhadhiri mgeni: "I am very uncomfortable today, so I cannot come to your class." Alikuwa anaumwa tumbo. Kichina husema "bu shufu" kwa mwili usiojisikia vizuri na pia kwa kiti kinachoumiza mgongo, na kitabu chake kilikuwa kimeandika "uncomfortable" mbele ya maneno hayo. Mhadhiri alielewa kwamba kuna jambo lililomkera au kumtia aibu kijana darasani, akaomba waonane faraghani. Kamusi haikusema uongo. Ilinyamaza tu kuhusu mahali neno hilo linapotumika. Jamii hiyohiyo ya makosa ina sentensi niisikiayo karibu kila wiki, "Are you convenient tomorrow?", kwa sababu "fangbian" ya Kichina huweza kumhusu mtu mwenyewe, ilhali kwa Mwingereza kinachofaa au kutofaa ni muda, mahali au mpango, wala si mtu.

Kisha kuna rangi ya neno, yaani sifa njema au mbaya inayoambatana nalo. Kichina kina neno "xuanchuan", ambalo hutumika kwa kampeni ya chanjo, kwa tangazo la utalii, kwa chama cha wanafunzi kinachotafuta wanachama wapya, na pia kwa kazi ya chama tawala ya kueneza itikadi yake. Kwa Mchina neno hilo halina ubaya wowote ndani yake. Kamusi nyingi ziliweka "propaganda" kuwa tafsiri yake, na hivyo kijana anaandika kwa moyo mweupe kwamba klabu yao ya muziki itafanya "propaganda" kwa wanafunzi wapya. Idara ya chama inayohusika na kazi hiyo yenyewe ilibadilisha jina lake la Kiingereza ikaanza kutumia "publicity", ingawa jina la Kichina lilibaki lilelile. Neno "peasant" nalo ni mtego wa namna hiyo: "nongmin" ni mkulima tu, lakini Mwingereza akimwita jirani yake "peasant" amemtukana. Kwa upande mwingine, "lao", yaani mzee, ni heshima kwao kama ilivyo kwetu, na hapo ni Kiingereza kinachotuangusha sote wawili, kwa kuwa kumwita mtu "old" mbele ya watu hakumfurahishi.

Niongeze jambo la muundo, kwa sababu sehemu ya maana ya kitenzi ni kile kinachokifuata. Mchina anajua "wait", "listen", "marry" na "suggest" tangu sekondari. Hata hivyo atasema "wait me" na "listen music", maana kwa Kichina vitenzi hivyo hushika mtendwa moja kwa moja, bila neno kama "for" au "to" katikati. Atasema "marry with her", maana kwa Kichina mtu hufunga ndoa pamoja na mwenzake. Na atasema "he suggested me to go", maana kitenzi cha kwao kinaruhusu. Hakuna safu ya kulia inayoweza kumwonyesha hayo, kwa kuwa safu ya kulia ina neno, haina sentensi.

Mwalimu wa sekondari

Mtoa mada, nakupongeza kwa mada, lakini naomba nikupinge mapema kabla watu hawajatupa vitabu vyao. Nimefundisha Kiingereza kwa miaka mingi na sijaona mwanafunzi aliyejua maneno yanavyotumika bila kwanza kuyajua maneno yenyewe. Mchina hana bahati tuliyo nayo sisi. Mtoto wetu anayeingia kidato cha kwanza tayari ana baiskeli, benki, polisi, hospitali, kompyuta na sinema. Nusu ya njia amekwisha kuipita bila kutoa jasho. Mchina aliitafsiri dunia nzima kwa vipande vya lugha yake mwenyewe. Sasa kama hatakariri orodha, atapata wapi pa kuanzia?

Mtoa mada

Mwalimu, shikamoo. Hoja yako ni nzito na ningependa kuikuza kabla ya kuijibu. Ni kweli kwamba Kichina hukopa sauti za kigeni mara chache. Wana "kafei" kwa kahawa na "shafa" kwa sofa, lakini kompyuta kwao ni "diannao", ubongo wa umeme, na treni ni "huoche", gari la moto. Kwa hiyo neno la Kichina mara nyingi hujieleza lenyewe. Daktari wa meno ni "yayi", jino na daktari. Nimonia ni "feiyan", pafu na uvimbe. Mtoto wa miaka kumi asiyewahi kusikia ugonjwa huo hukisia uko wapi mwilini. Halafu anakutana na Kiingereza, ambacho jino ni "tooth" lakini daktari wake ni "dentist", pafu ni "lung" lakini ugonjwa wake ni "pneumonia". Nyama ndiyo inayowachekesha zaidi. Kwao, kama kwetu, ni nyama ya ng'ombe, nyama ya nguruwe, nyama ya kondoo. Kiingereza kina "cow" na "beef", "pig" na "pork", "sheep" na "mutton", kwa sababu baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066 watawala walizungumza Kifaransa na majina ya vyakula vya mezani yakafuata lugha yao. Mchina analazimika kujifunza mara mbili kitu ambacho kwao hujifunzwa mara moja.

Kwa sababu hiyo sipingi orodha kwa yale maelfu ya mwanzo. Mwanafunzi asiyejua "lung" hana la kujadili kuhusu "lung". Hata ile njia yao ya kujifunza mizizi na viambishi vya Kilatini na Kigiriki naiona ni ya busara, kwa sababu inarudisha ndani ya Kiingereza ule uwazi waliouzoea: akijua kwamba "dent" ni jino, neno "dentist" linaanza kufanana na "yayi".

Ninachokipinga ni imani kwamba kurudia orodha hiyohiyo kutaleta matumizi. Vitabu vingi vya maneno huku huja na jedwali la marudio lililojengwa juu ya kazi ya Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyechapisha utafiti wake kuhusu kusahau mwaka 1885, na wanafunzi humtaja kama sisi tunavyomtaja Newton. Lakini Ebbinghaus alijipima mwenyewe kwa silabi alizozitunga makusudi zisiwe na maana yoyote, ili maarifa ya zamani yasimsaidie kukumbuka. Jedwali lake linatueleza vizuri jinsi kichwa kinavyoachia sauti tupu. Kumchukua mtu aliyeziondoa maana ili apime kumbukumbu, kisha kumfanya kiongozi wa kujifunza maana, naona ni kumtwika mzigo ambao hakuubeba.

Mkalimani wa Kariakoo

Nimefurahi kuikuta mada hii kwa sababu ndiyo kazi yangu ya kila siku. Natafsiri kati ya wafanyabiashara wa Kichina na wateja wao, mara kwa Kiswahili, mara kwa Kiingereza pale mteja anapotoka nje. Naomba niongeze matatu ambayo mtoa mada hajayagusa.

La kwanza ni "ndiyo" na "hapana". Mteja wa kigeni anauliza kwa Kiingereza, "You haven't received the goods?" Mchina anajibu "Yes", akimaanisha kwamba ni kweli, hatujapokea. Sisi hujibu vivyo hivyo: ukiniuliza "mzigo haujafika?", nitasema "ndiyo, haujafika". Mimi na Mchina tunaelewana bila shida. Yule mteja anaondoka akiamini mzigo uko ghalani. Maneno haya mawili ni ya somo la kwanza kabisa katika kitabu chochote, na nimeona yakiharibu biashara kuliko neno lolote gumu.

La pili ni "you had better". Wachina wengi wamefundishwa kwamba hilo ni "zuihao", yaani ingekuwa vyema, na hulitumia kwa nia ya upole kabisa: "You had better pay before Friday." Kwa masikio ya Mwingereza hilo linakaribia kuwa tishio. Pamoja nalo kuna "of course". Mteja anauliza kama duka linapokea dola, Mchina anajibu "Of course!" kwa uchangamfu, kwa sababu "dangran" kwao ni ndiyo ya mtu mkarimu. Mteja anasikia kwamba ameuliza swali la kipumbavu. Sura zinabadilika, na hakuna anayejua nani amemkosea nani.

La tatu ni hesabu. Kichina huhesabu kwa elfu kumi, "wan", na kwa milioni mia, "yi". Laki moja na ishirini elfu kwao ni "wan" kumi na mbili. Anapopeleka hesabu hiyo kwenye Kiingereza, ambacho huruka kutoka elfu hadi milioni, lazima asogeze sifuri kichwani huku anaongea, na sifuri moja ikipotea bei imepungua mara kumi. Siku hizi huwa naomba kila namba iandikwe kwenye kikokotoo kabla ya mtu kupeana mkono.

Mtoa mada

Mkalimani, hilo la "you had better" limenigusa, maana nimelikuta katika ujumbe wa wanafunzi kwa wahadhiri wao na sikuwahi kulieleza kwa uwazi kama ulivyofanya. Kuna ndugu zake: salamu. Mchina akikutana nawe njiani hukuuliza umeshakula au unakwenda wapi, kama mtu wa kwetu anavyouliza "watoka wapi?" bila kutaka ratiba yako. Akiyapeleka maswali hayo kwenye Kiingereza, Mmarekani hudhani amealikwa chakula au anachunguzwa.

Mama wa mwanafunzi

Samahani kama swali langu ni la kurudi nyuma. Binti yangu anasoma na Wachina chuoni na anasema wanachanganya "he" na "she" hata wakimzungumzia mama yao mzazi. Inakuwaje mtu mwenye digrii akosee hilo, wakati namsikia akitamka maneno ambayo mimi siyajui?

Mtoa mada

Dada, kwa mdomo Kichina kina "ta" moja tu kwa mwanamume, mwanamke na kitu. Utofauti uko kwenye maandishi, na hata huo si wa zamani: herufi ya kike ya "ta" ilienezwa na mwandishi Liu Bannong mnamo mwaka 1920, wakati wasomi wa China walipokuwa wanatafsiri sana vitabu vya Ulaya na kuhitaji namna ya kuonyesha "she". Kwa hiyo anayeandika hupata nafasi ya kufikiri, lakini anayeongea hana. Kumbuka nasi tuna "yeye", na ukimsikiliza kwa makini Mswahili aliyechoka akiongea Kiingereza, utamsikia naye akimgeuza shangazi kuwa "he". Kosa hili halitokani na kutojua. Anayelifanya atakueleza kanuni vizuri sana ukimuuliza. Ulimi wake tu haujazoea kuuliza jinsia ya mtu kabla ya kila sentensi. Dawa yake ninayoifahamu ni kusimulia kwa sauti, kila siku, habari za watu anaowafahamu, na haimo katika kitabu cha maneno.

Mwalimu wa sekondari

Sasa tupe njia, mtoa mada. Umeeleza ugonjwa kwa ufasaha. Nina jirani Mchina ambaye ameniomba nimsaidie, anajua maneno mengi kuliko wanafunzi wangu wote, na sijui nimwanzishe wapi.

Mtoa mada

Mwalimu, nitaeleza ninayoyafanya na wenzangu hapa, nawe utayapima kwa uzoefu wako.

Mwondoe kwanza kwenye kamusi ya lugha mbili kwa maneno anayodhani anayajua. Kwa maneno mapya kabisa aendelee nayo. Kamusi za Kiingereza kwa Kiingereza zilizotungwa kwa wanaojifunza zilizaliwa kwa sehemu kubwa kutokana na shida ya watu wa Asia Mashariki: Harold Palmer alikwenda Japani mwaka 1922 kushauri juu ya ufundishaji wa Kiingereza, na katika miaka iliyofuata yeye na A. S. Hornby, aliyekuwa mwalimu hukohuko, walikusanya kwa bidii maneno yanayozoea kwenda pamoja na miundo inayofuata kila kitenzi. Kamusi ya Hornby ilichapishwa kwanza Tokyo mwaka 1942. Walikwisha kuona kwamba mwanafunzi Mjapani hakosi tafsiri ya neno, anakosa majirani zake. Baadhi ya kamusi za aina hii leo hujifunga kueleza kila kitu kwa maneno yapatayo 2,000 tu, kwa hiyo jirani yako hatapotea ndani ya maelezo.

Baada ya hapo mfundishe kuchunguza mwenyewe. Upo mkusanyiko wa matini za Kiingereza cha Marekani ujulikanao kwa kifupi kama COCA, ulioandaliwa na Mark Davies, wenye maneno zaidi ya bilioni moja, na mtu yeyote anaweza kuutafuta kwenye intaneti. Mwanafunzi wangu mmoja alikuwa ameandika "big rain" na "thick tea", kwa kuwa Kichina husema mvua kubwa na chai nzito. Badala ya kumsahihisha nilimwambia aandike "rain" kwenye kisanduku na aangalie vivumishi vinavyoitangulia. Aliona "heavy" imekaa juu kabisa. Akajaribu "tea", akaona "strong". Kisha akaendelea bila kuambiwa: akaandika "traffic", akakuta ni "heavy" tena, akaandika "smoker", akakuta ni "heavy" tena, akaniuliza kama Waingereza hupima kila kitu kwa mizani. Siku hiyo aliacha kuuliza "heavy" maana yake ni nini, akaanza kuuliza huambatana na nini.

Zoezi la tatu ni la zamani sana, na Roger Ascham, aliyemfundisha Malkia Elizabeth wa Kwanza wa Uingereza, alilisifia kwa ajili ya kujifunza Kilatini: achukue aya fupi ya Kiingereza kizuri, aitafsiri kwa Kichina, aiweke kando siku chache mpaka aisahau, kisha airudishe kwenye Kiingereza bila kutazama asili. Akizilinganisha aya mbili, ataona mwenyewe mahali ambapo Kichina kimemvuta. Zoezi hili linachosha, na wengi huliacha, lakini sijaona lingine linalomwonyesha mtu makosa yake binafsi badala ya makosa ya Wachina kwa jumla.

Na daftari lake lisiwe na safu mbili. Aandike sentensi nzima aliyoikuta, pamoja na nani aliyeisema na kwa nani. Kama neno ni "uncomfortable", sentensi moja iwe ya kiti na nyingine ya mtu aliyeulizwa swali la aibu. Hahitaji kuandika Kichina pembeni.

Onyo moja: atakuja na sentensi za kiolezo alizozikariri kwa ajili ya mitihani, kama vile "With the development of society" na "Every coin has two sides". Ni Kiingereza sahihi, na wasahihishaji wamezisoma mpaka macho yamekufa ganzi. Usimwambie ni makosa. Mwulize ni jamii ipi, na imeendelea vipi.

Mkalimani wa Kariakoo

Mimi nina swali la mwisho kwa mtoa mada, kwa sababu linanisumbua kazini. Mabosi wa Kichina humwambia mfanyakazi aliyemaliza kupakua mzigo "xinku le". Kwa Kiswahili natafsiri "pole na kazi" na kila mtu anatabasamu. Akiwepo mgeni wa Kiingereza nakwama. Wanafunzi wako wanasema nini?

Mtoa mada

Mkuu, wengi wao husema "You are so hard", na hapo huwa nawasimamisha haraka. Wengine wana "Thank you for your hard work", ambayo ni salama lakini husikika kama hotuba ya meneja mwisho wa mwaka. Kiingereza hakina "pole", hakina "xinku", na kila mwaka lazima nimweleze mtu kwamba "sorry" haifai hapo kwa sababu mpakuaji atauliza umemfanyia nini. Ninachowaambia ni waache kutafuta neno, waangalie Mwingereza hufanya nini mahali pale: kwa dereva wa teksi husema "Thanks" anaposhuka, kwa mwenzake wa ofisini aliyechelewa kutoka huuliza "Long day?", kwa fundi aliyemaliza kazi husema "Great job". Ni sentensi tatu kwa neno moja. Wao wakilalamika kwamba ni nyingi, huwakumbusha kwamba mizigo huenda pande zote mbili: "add oil", tafsiri ya neno kwa neno ya "jiayou" yao ya kumtia mtu moyo, iliingizwa katika kamusi kubwa ya Oxford mwaka 2018, na sasa ni zamu ya Mwingereza kuuliza hayo mafuta yanatiwa wapi.

Kwa mpakuaji wako, kama mgeni wa Kiingereza amesimama pale, sema "Good work, guys, have some water", kisha hakikisha maji yapo.